Vazi na Jina Tulipewalo



Nguo haina ulimi, lakini yasema. Tuonapo vazi la mtu, mioyo yetu hufanya haraka kumpa jina: huyu ni Mwislamu, huyu ni msomi, huyu ni mchunga ng'ombe. Basi yatupasa kuuliza, jina hilo limetoka wapi?

Wako Wakristo hapa Moshi wasiotaka kuvaa kanzu, kwa kuwa waihesabu kuwa vazi la Kiislamu. Lakini wengi wa babu zetu, waliobatizwa baada ya wamisionari wa Leipzig kufika mlimani mwaka 1893, walivaa kanzu wakaenda nayo kanisani. Na huko Uganda hata leo Mkristo wa Kiganda huivaa aendapo kuposa, wala hapana amwulizaye habari za dini yake. Tena katika miaka ya 1967 na 1968 Serikali iliwashurutisha Wamasai waache lubega na kuvaa suruali, kwa kuwa vazi lao lilidhaniwa kuwa aibu ya taifa. Leo vazi lile lile hutiwa katika picha za kuwakaribisha wageni. Nguo haikugeuka, yaliyogeuka ni mawazo ya watu.

Je, tuyadharau mawazo hayo? Hasha. Martin Luther alifundisha kwamba nguo ya utawa haimwokoi mtu, walakini hakuivua upesi. Aliendelea kuivaa hata mwaka 1524. Naye Paulo, katika 1 Wakorintho 8, atuonya uhuru wetu usimkwaze ndugu aliye dhaifu. Basi vazi halituokoi wala halituhukumu, lakini lamgusa jirani; kwa hiyo upendo ndio uamuao.

Sasa tujipime. Siku ya Kipaimara, nguo nyeupe na viatu vipya vimekuwa alama ya nyumba iliyofanikiwa. Mzazi ambaye kahawa yake haikumletea kitu hukopa. Mwingine asiye na wa kumkopesha humficha mtoto nyumbani. Naye mtoto aliyejifunza Katekisimo miaka miwili hukosa Chakula cha Bwana kwa ajili ya viatu. Huyo ndiye dhaifu wa leo, na wanaomkwaza ni sisi tulio na macho ya kupima nguo. Yakobo, katika sura ya pili, awakemea wale wampao tajiri kiti na kumsimamisha maskini.

Wazee wa kanisa na wainjilisti, zitembeleeni nyumba hizo mapema, kabla ya siku yenyewe. Semeni wazi kwamba nguo ya mtumba kutoka soko la Memorial, iliyofuliwa vema, yatosha mbele za Mungu na mbele ya usharika. Nanyi mlio navyo, punguzeni fahari siku hiyo, asiwepo mtoto wa kuona haya kwa sababu yenu.

Tukumbuke Mwanzo 3:21. Adamu na Hawa walipokuwa wamejificha kwa aibu, Mungu mwenyewe aliwafanyia mavazi akawavika. Kazi ya nguo tangu mwanzo ni kumfunika mwenye aibu. Tusiitumie kumwaibisha. Amin.