Mabati Hayalipi Deni la Miwa

Andiko: Yakobo 5:1-6, Luka 19:1-10



Leo naanza kwa kuungama. Mwaka ule wa uchaguzi, 2022, kampuni moja inayonunua miwa ilituletea mabati ya kanisa. Jina lake naliacha, maana leo mshtakiwa ni mimi. Meneja alikuja pamoja na mgombea wake. Nikawapa viti vya mbele, nikampa mgombea maikrofoni, tukapiga makofi.

Baada ya ibada mama mmoja mzee akanivuta kando. "Pasta, mabati tumeona. Sasa ile pesa yangu ya miwa utaniulizia lini?" Alikuwa amefunga karatasi ya mizani kwenye leso yake. Sikuwa na jibu. Wapendwa, nilikuwa nimenunuliwa na sikujua!

Sisi watu wa Matungu tunajua jinsi sukari na siasa zinavyotembea pamoja. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973. Wengi wetu tulisomeshwa na miwa hiyo. Mwaka 2001 hisa zake zikauzwa kwa umma. Septemba 2019, kwa sababu ya madeni, kikawekwa chini ya meneja mrasimu. Na kila msimu wa kura, ahadi ya kukifufua haikosi jukwaani.

Mimi sikatai kampuni kusaidia jamii. Ichimbe kisima, isomeshe yatima, tutaiombea baraka. Lakini Yakobo anatuonyesha kwamba ujira uliozuiliwa una sauti, na sauti hiyo inafika mbinguni hata kanisa likinyamaza. Huwezi kumzawadia mtu kwa pesa yake mwenyewe halafu ungoje akushukuru.

Mwangalieni Zakayo. Nasema Zakayo wa Biblia, msicheke! Aliahidi maskini nusu ya mali yake. Angeweza kuishia hapo, apigwe picha, aitwe mfadhili. Hakuishia hapo. Aliahidi pia kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Zawadi yake haikufunika deni.

Juma lililofuata nilienda na yule mama ofisini kwao. Tukaambiwa tungoje. Tukarudi mara ya pili, na ya tatu. Hadi leo amelipwa nusu tu, na bado tunarudi.

Mabati yangali juu yetu. Mvua ikinyesha, huwa nasikia swali la yule mama. Kwa hiyo wazee wa kanisa tumekubaliana: anayetaka kutoa hapa tutamuuliza kwanza kama amewalipa watu wake, na hakuna mgombea atakayepewa maikrofoni kwa sababu ya sadaka. Nawe ndugu uliye na kijana wa kukulimia shamba, umemlipa? Yakobo hakuandikia kampuni peke yake.

Tuombe: Bwana, tupe mikono safi ya kupokea, na kinywa kisichofungwa na zawadi. Amina.