Skafu ya Mnadani

Anayefuma skafu Dar es Salaam huulizwa swali moja: ya nini, na joto hili? Bibi mmoja wa usharika wetu, anayekaa mitaa ya nyuma ya soko la Kariakoo, amekwisha kulizoea. Hufuma jioni kibarazani kwa sindano mbili, mishono 30, mshono uleule kwenda na kurudi. Skafu ya namna hiyo haina siri. Hata mtoto wa darasa la tano ataimaliza akivumilia. Umeme ukikatika Bibi huendelea, maana vidole vyake vinajua njia. Kinachomsumbua ni jasho tu, linaloufanya uzi ung'ang'anie mikononi.

Mwaka mmoja kijana wetu alikwenda kusoma theolojia Makumira, chini ya Mlima Meru. Baridi ya Juni na Julai ya huko naikumbuka, niseme kweli, kuliko Kigiriki nilichofundishwa. Bibi alisikia habari hiyo, akafuma. Siku ya Sikukuu ya Mavuno alinijia na skafu ndani ya mfuko, akaniomba nimpelekee kijana.

Mnada ulikuwa umeanza: mananasi, mayai, jogoo mmoja mbishi. Niliinua ile skafu, nikamwuliza Bibi mbele ya watu wote kama tunaweza kuinadi kwa ajili ya ujenzi. Akajibu, "Sawa, Baba Mchungaji." Mnunuzi wa kwanza aliirudisha inadiwe tena, kama ilivyo desturi yetu, na wa pili vivyo hivyo. Mwisho wake ilikuwa imetuingizia shilingi 180,000. Vigelegele vilipigwa. Nilipomtafuta Bibi nimshukuru, alikuwa ameshaondoka.

Nilimtembelea Jumanne. "Hela Kariakoo ziko nyingi, Baba Mchungaji," aliniambia. "Mimi nilimfumia yule mtoto."

Mzee mmoja wa kanisa alinitetea. Kwa fedha ile, alisema, tungemnunulia kijana skafu tatu za mtumba pale Karume, zenye joto kuliko ile, na saruji tukapata. Hesabu yake haina kosa, wala si ya kubezwa. Jengo ni la wote, na shingo ni ya mmoja.

Lakini hesabu hiyo nimewahi kuihubiri, nikiwa upande mwingine. Katika Marko 14, mwanamke wa Bethania anamwaga marhamu, na waliopo wanapiga hesabu upesi: ingeuzwa kwa dinari zaidi ya 300, maskini wakapewa. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Yesu hakusema wamekosea kujumlisha; aliwaambia wamwache. Sisi wachungaji hupenda kulitumia fungu hili tunapotetea gharama za nyumba ya Mungu. Safari hii lilinigeukia, kwa sababu mwenye hesabu nilikuwa mimi. Luther aliandika mwaka 1520 kuhusu uhuru wa Mkristo: kwa Mungu tunasimama kwa imani, na matendo yetu yaende kwa jirani. Mungu hakuwa amepungukiwa na skafu. Kijana ndiye aliyekuwa anatetemeka.

Kinachonisumbua zaidi ni ile "sawa". Niliichukua kuwa ridhaa. Lakini mama mzee, mbele ya usharika mzima, akiulizwa na mchungaji aliyevaa kanzu na kushika maikrofoni, angejibu nini kingine? Paulo aliwaonya Wakorintho kwamba mtu asitoe kwa kulazimishwa. Kulazimisha hakuhitaji fimbo. Sijui ni sadaka ngapi nimezipokea kwa njia hiyo nikazitangaza kuwa za hiari.

Nilirudi kwa Bibi na fedha yangu ya uzi. Aliikataa. Akanipa uzi niutanue kwa mikono miwili, yeye akiuviringa kuwa donge, na uliponiponyoka alinikaripia kama mjukuu. Skafu ya pili ilikuwa ya kijani. Nilimpelekea kijana mwenyewe, Julai, nikiwa nimechelewa. Ya kwanza sijui iko kwa nani.