Ushahidi wa Kisichotikisika

Katika picha za jumba la Smithsonian mjini Washington zilizopigwa miaka ya 1860, minara ya jengo hilo hudhihirika nyuma ya miti hata pembe za mawe zikahesabika, ilhali majani yaliyoguswa na upepo yamekuwa ukungu, na njia zipitazo chini yake zi tupu, kana kwamba mji ule haukuwa na wakazi. Sababu yake ni kwamba bamba la kioo lililopakwa kolodioni, ufundi alioutangaza Frederick Scott Archer mwaka 1851, mara nyingi lilihitaji sekunde kadhaa za nuru ndipo lipokee sura, na mpita njia hakukaa mahali pamoja muda wa kutosha kuacha athari yake. Tena dawa zile ziliihisi buluu upesi na nyekundu kwa taabu, hata mbingu ikatoka nyeupe isiyo na wingu, na mawe mekundu ya Maryland, ambayo msanifu wa jumba hilo, Renwick, aliyajengea, yakatoka ya giza.

Nasi tumezoea kuihesabu picha kuwa shahidi mwadilifu. Wallahi haisemi uongo. Lakini shahidi asiyemwona ila aliyetulia, kimya chake kisichukuliwe kuwa kanusho. Jumba lile lilijengwa kati ya mwaka 1847 na 1855, katika mji ambao sheria yake iliuhalalisha utumwa hadi Aprili 1862, na waungwana kwa watumwa walipita katika njia hizo ambazo kioo kinatuonyesha kuwa ni tupu. Mimi nauthamini zaidi ule ukungu wa majani, kwani hapo peke yake ndipo picha inapokiri kwamba muda ulikuwa ukipita.

Makumbusho nayo yana tabia hiyo hiyo ya kukipenda kilichotulia, tukadhani kwamba kutulia ndiko kudumu. Lakini tarehe 24 Januari 1865 moto uliteketeza orofa ya juu ya jumba hilo, ukala hati za James Smithson, Mwingereza aliyeacha wasia wa kuasisi taasisi ya Smithsonian naye hakupata kukanyaga Marekani, na pamoja nazo sehemu kubwa ya michoro ambamo John Mix Stanley alikuwa amewachora wenyeji asilia wa nchi ile, akiamini, kama wengi wa zama zake, kwamba mataifa hayo yalikuwa yakielekea kutoweka. Michoro ikawa majivu. Mataifa yale yangali hai, na baadhi ya wazao wao wanazisema lugha zao hata leo.