Waliobebwa Wamefika Wapi?

Binti wa Mbagala au Tandale akichaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nyumbani hupigwa vigelegele, na pembeni hakosekani wa kunong'ona: "Huyo kabebwa." Sijawahi kusikia likisemwa hilo kwa mtoto wa Oysterbay, aliyesomeshwa shule ya kulipia tangu chekechea na kuletewa mwalimu wa twisheni hadi sebuleni. Huyo tunasema ana akili. Na Oysterbay na Tandale zote ni Kinondoni.

Kubebwa huko kuna chanzo. Azimio la Musoma la 1974 liliwataka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu. Kwa wasichana, kusubiri huko kulikutana na ndoa na uzazi. Idadi yao chuoni hapo Mlimani ikashuka, na mwaka 1976 sharti hilo likaondolewa kwao. Mwaka wa masomo 1996/97 chuo kikaanza kuwapunguzia kidogo pointi za kuingilia, na baadaye kitivo cha sayansi kikawawekea mafunzo ya awali. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilitangulia: mwaka 1990 kilianza kumwongezea kila msichana pointi 1.5.

Pointi moja na nusu! Msichana wa shule ya kata huanza siku kwa kusukumana na kondakta asiyetaka wanafunzi, na jioni jiko linamngoja. Fizikia huenda anafundishwa na mwalimu mmoja wa madarasa yote. Pointi hiyo hailipi hata lile daladala.

Wapinzani wana hoja moja ya kusikilizwa: anayeingizwa kwa kupunguziwa atazidiwa darasani, na shahada haitamfikisha popote. Kule California hoja hiyo ilipata mtihani wake. Mwaka 1996 wapiga kura walipitisha Pendekezo 209, lililovizuia vyuo vya umma kuangalia rangi na jinsia ya mwombaji. Mchumi Zachary Bleemer akawafuatilia waombaji mpaka kwenye mishahara yao. Weusi na Walatino walisukumwa kwenye vyuo vya hadhi ya chini, waliomaliza shahada wakapungua, na kati ya umri wa miaka 24 na 34 kipato chao kikawa pungufu kwa takriban asilimia 5 kila mwaka. Walatino ndio walioumia zaidi. Kufungiwa mlango hakukuwafaa kitu. Hata hivyo, Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilivikataza vyuo kuzingatia rangi nchi nzima.

Asilimia 5 si ndogo kwa binti wa Temeke anayelipa kodi ya mama yake, tena miezi sita kwa mkupuo, na kusomesha wadogo zake.

Sisi tunabishana vijiweni wakati hesabu kama ya Bleemer tunaweza kuipiga. Chuo kina kumbukumbu ya nani aliingia kwa pointi ngapi. Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa mdaiwa aliyeajiriwa, na inadai mikopo ya tangu 1994. Mishahara ya wadaiwa hao inaijua. Mhitimu aliyejiajiri, mwenye duka la dawa Tandika, atabaki nje ya hesabu hiyo, lakini tutakuwa tumeanza. Waheshimiwa wabunge wa Temeke na Kinondoni, ombeni takwimu hizo, bila majina ya watu, kabla hamjaulizwa tena jukwaani kwa nini mabinti wanabebwa.