Je, Uzuri Waweza Kutakasa Wizi?

Kusini mwa Ufaransa, katika jimbo la Aveyron, kuna kijiji kidogo kiitwacho Conques. Kimeshika ubavu wa kilima juu ya bonde jembamba. Nyumba zake ni za mawe na miti, na mapaa yake yameezekwa kwa vipande vya mawe vilivyopangwa kama magamba ya samaki. Katikati limesimama kanisa kubwa kupita kiasi cha kijiji, lililojengwa katika karne ya 11 na ya 12. Wageni huja toka nchi nyingi kukitazama, na wengine hufika kwa miguu, maana kimo katika njia ya kale ya mahujaji waendao Santiago, katika Hispania. Wengi wao huona kwamba uzuri wa namna hii wamtosha mtu, wala hauna haja ya kuulizwa habari zake. Sisi twaona kwamba unayo haja hiyo.

Maana fahari ya Conques ilitokana na wizi. Katika karne ya 9 watawa wake hawakuwa na masalia ya mtakatifu mwenye sifa. Na pasipo masalia hapakuwa na mahujaji, wala sadaka. Lakini katika mji wa Agen, mwendo wa siku kadhaa, palikuwa na kaburi la binti Foy, ambaye yasemwa aliuawa kwa ajili ya imani yake karibu na mwaka 303. Basi mtawa mmoja wa Conques alikwenda Agen, akakaa huko miaka kumi, akapendwa, akaaminiwa, hata akapewa kulilinda kaburi lenyewe. Karibu na mwaka 866 alipata nafasi, akalivunja, akaitwaa mifupa, akakimbia nayo. Habari hii hatukuipata kwa adui zao. Watawa wa Conques ndio walioiandika, tena kwa furaha.

Walijiteteaje? Walisema, kama mtakatifu hakupenda kuhama, asingalikubali kuchukuliwa. Na kwa kuwa alichukuliwa, basi alipenda. Ndugu wasomaji, lipimeni neno hili vema. Kama kufaulu ni dalili ya ridhaa ya Mungu, basi kila mwizi ambaye hakukamatwa amepewa ruhusa, na kila mwenye ng'ombe aliyelala usingizi amekwisha kumtoa ng'ombe wake. Sisi waalimu tukilikubali neno hili, tutamwambia nini mtoto aliyechukua kalamu ya mwenzake asionekane?

Utetezi wa pili una nguvu zaidi, nao ni wa matunda yaliyofuata. Mahujaji walikuja kwa wingi, wagonjwa wakatumaini, na wafungwa waliofunguliwa wakaleta minyororo yao kumshukuru Foy. Mafundi nao walichonga juu ya mlango wa kanisa picha ya Hukumu ya Mwisho, yenye watu 124, na baadhi ya rangi zake za kale zingali zaonekana. Upande wa waliopotea, mwenye choyo amening'inizwa na mfuko wake shingoni. Twastaajabu: fundi alimhukumu mpenda mali juu ya mlango wa nyumba iliyojengwa kwa faida ya wizi! Walakini fundi hakuiba kitu. Kazi yake ni njema, nasi twaweza kuifurahia kwa dhamiri safi. Tusilolikubali ni kwamba wema wa kazi yake urudi nyuma miaka mia mbili na zaidi, ukafute chozi la mtu wa Agen aliyeamka akaliona kaburi tupu. Matunda hayampi haki aliyepanda katika shamba la mwenziwe.

Liko jambo jingine, ambalo wageni hawapendi kulipita upesi. Mapinduzi ya Ufaransa yalianza mwaka 1789, na katika miaka iliyofuata serikali ilikusanya dhahabu na fedha za makanisa ili ziyeyushwe. Wanakijiji wa Conques waligawana vyombo vya kanisa, pamoja na sanamu ya Foy, yenye dhahabu na vito vilivyotolewa na mahujaji, wakavificha. Walikuwa watu wa kijijini, na kito kimoja tu kingaliweza kununua shamba. Tufani ilipopita, walivirudisha. Hata leo sanamu ile ipo Conques.

Je, uaminifu huu umelilipa deni la kale? Hatudhani, maana walivirudisha kanisani kwao. Kaburi la Agen lilibaki kama lilivyoachwa. Walakini mtoto hana hatia kwa sababu ya wizi wa babu yake. Lililo juu yake ni kutousifu wizi huo aonapo raha ya nyumba aliyoirithi. Twapenda kujua kama wakati ule, katika nyumba mojawapo ya Conques, mtu mwenye kito cha Foy chini ya sakafu yake alikaa macho usiku akihofu kugongewa mlango, akawakumbuka watu wa Agen.