Jiwe Lililo Kwenye Mfuko wa Mnunuzi

Maandiko: Mithali 20:14, Kumbukumbu la Torati 25:13-16



Mahubiri ya soko tumezoea yakienda upande mmoja. Mhubiri akifungua Mithali 11:1, pale pa mizani ya udanganyifu, wenye kuuza wanainamisha vichwa na sisi wenye kununua tunasema Amina kwa sauti kubwa. Na kweli muuzaji ana yake ya kujibu. Sote tunajua ile gorogoro ambayo tako lake limegongwa na nyundo mpaka likaingia ndani, mkebe wa kilo mbili ukawa hautoi kilo mbili. Tunajua fungu la nyanya ambalo za juu zinang'aa na za chini zinatoa maji. Hayo nimeyahubiri na nitayahubiri tena. Lakini leo tuangalie mkono ulioshika kiondo.

Soma Mithali 20:14 polepole. Kuna mtu amesimama mbele ya bidhaa. Anaikashifu, anarudia kuikashifu, mwenyewe akisikia. Akishauziwa kwa bei anayotaka, huko njiani anajipongeza. Mstari mmoja tu, na huyo mtu tunamjua! Ukienda Karatina siku ya soko, ukienda Kibuye pale Kisumu au Daraja Mbili kule Kisii, utampata. Ameinua sukuma wiki, amekunja uso: "Mama, hii imenyauka hivi na unaniambia thelathini?" Mama anaguna, anapunguza. Jioni kwenye kikundi cha WhatsApp picha iko pale: mboga safi ya shamba, nimeipata kwa bei ya kutupa. Sasa nakuuliza, mboga ilipona wapi? Kati ya soko na nyumbani, nani aliimwagilia maji?

Nisikike vizuri. Kuongea bei si dhambi. Iko mama hapa kanisani mwenye shilingi 500 za kulisha watu sita mpaka siku nyingine ya soko. Akimwambia muuzaji, "Nisaidie, niko na arobaini peke yake," hajakosea, amesema ukweli na muuzaji ana uhuru wa kukubali au kukataa. Biblia haiogopi mazungumzo ya bei. Mwanzo 23 ni sura nzima ya watu wakizungumza juu ya shamba, na Ibrahimu anaishia kumpimia Efroni shekeli 400 za fedha mbele ya watu. Lakini tafuta katika sura hiyo yote kama Ibrahimu alisema neno moja baya juu ya lile shamba. Hakuna. Alilihitaji, akasema analihitaji, akalipa.

Angalia neno hilo, kupima. Siku zile hapakuwa na sarafu kama za kwetu. Fedha ilikuwa vipande, na ilipimwa kwa mizani, upande mmoja fedha na upande mwingine jiwe. Mawe hayo yamechimbuliwa katika nchi ya Yuda. Lile la shekeli moja lina uzito wa karibu gramu 11. Sasa rudi kwenye Kumbukumbu 25:13. Musa anakataza mtu kuwa na mawe mawili mfukoni, kubwa na dogo. Kwa nini mawili? Kwa sababu mtu huyo huyo wakati mwingine anauza na wakati mwingine ananunua. Kwa hivyo amri ile haikuandikiwa wenye vibanda peke yao. Na mnunuzi pia alikuwa na mfuko.

Mnunuzi wa leo habebi mawe, anabeba simu. Wako watu wanaonyesha muuzaji ujumbe wa M-Pesa ambao wameuandika wenyewe. Wako wanaolipa, wanachukua mzigo, halafu wakipita kona wanaomba pesa zirudishwe eti walituma kwa makosa. Huo ni wizi, na hatuna haja ya kutumia ukurasa mwingi kuueleza. Lile linalonisumbua zaidi ni jiwe dogo la watu waliookoka, na linaitwa "nitakutumia jioni."

Nilisomea biashara, basi mnivumilie na hesabu kidogo. Tuseme mama amechukua kreti ya nyanya kwa shilingi 3,000. Boda boda 200. Ushuru wa soko 50. Tayari ametumia 3,250. Anapanga mafungu 80 ya shilingi 50, anatarajia 4,000. Lakini nyanya za chini ya kreti zimepondeka, mafungu manane yameenda. Yamebaki 72, hiyo ni 3,600. Faida yake, akiuza yote na jua lisimharibie mengine, ni 350. Alitoka nyumbani saa kumi usiku. Sasa waje wateja 35, kila mmoja amng'ang'anie shilingi kumi tu. Faida imeisha. Au waje ndugu saba wa kanisa, kila mmoja achukue fungu moja na kusema, "Si tunajuana, nitakutumia jioni." Nazo ni 350.

Na wewe huyo huyo, ukiingia supamaketi, unasoma karatasi ya bei kwenye rafu na kunyamaza. Sijawahi kuona mtu akimwambia msichana wa kaunta kwamba mkate umenyauka apunguziwe shilingi kumi. Unalipa, unachukua risiti, unasema asante. Ukali wetu wa bei tunaupeleka kwa yule ambaye hawezi kutufukuza.

Boazi alifanya kinyume. Ruthu 2:16, aliwaagiza wavunaji wamchomolee Ruthu masuke kutoka kwenye miganda, wayaache chini kama yameanguka tu. Angeweza kumpa na kumpigia kelele ya msaada. Alimwongezea bila kumwaibisha. Ukiwa na uwezo, siku moja moja mwambie mama abaki na ile chenji ya kumi, bila mahubiri.

Kuhusu deni, Walawi 19:13 inasema ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Najua mama wa nyanya si kibarua wako. Lakini sababu ni ile ile: pesa ya leo ndiyo kreti ya kesho. Usipomtumia jioni, saa kumi usiku anaenda kwa broka na mikono mitupu, na broka hauzi kwa "tunajuana."

Kwa hivyo nasema jambo ambalo mhazini wetu anaweza kuniangalia vibaya. Mathayo 5:23-24, Yesu anamwambia mtu aliye na sadaka mkononi aiache pale madhabahuni, aende kwanza apatane na ndugu yake. Kama Jumapili hii umeweka pesa kwenye bahasha na kuna dada wa kanisa hili ameandika jina lako kwenye daftari la wadeni, chukua hiyo pesa umpelekee. Bahasha itangoja. Wala usimpelekee ukitaka akupunguzie kwa sababu umechelewa kulipa!

Na ninyi akina mama mnaouza, msiogope kudai. Kumkumbusha mtu deni si kukosa upendo. Mtumie ujumbe, taja kiasi na tarehe.

Wale ambao deni limekuwa kubwa na hamwezi kulilipa mara moja, njooni Jumatano ofisini saa kumi na moja, kabla ya maombi. Mje na huyo unayemdai au anayekudai, na daftari. Tutakaa chini tugawanye kwa wiki, tuandike, na kila mtu ataenda na nakala yake.