Bei ya Mwaliko

Nilipata kibarua cha kuandika meseji za kuwaita wanawake wa Bungoma wakapimwe saratani ya mlango wa kizazi. Herufi 160, basi. Niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hivyo kazi kama hiyo huwa sikatai. Bosi alitaka kitu kimoja: kila mwanamke atakayekuja atugharimu pesa kidogo iwezekanavyo. Meseji ni rahisi kuliko kutuma mhudumu wa afya ya jamii hadi mlangoni.

Wikendi nikatoka Kitale kwenda Chwele, nikamsomea shangazi, ambaye huuza sukuma wiki. Akacheka.

"Hiyo ni rahisi kwenu. Mimi nikienda Bungoma, siku yangu imeisha."

Ni kweli. Kwenye jedwali la bosi, nauli na kibanda kilichofungwa havikuwa na safu. Gharama haikupungua, ilihamishiwa kwa shangazi tu, kisha tukaita hiyo ufanisi.

Sisemi tusipige hesabu. Pesa ni kidogo, na ugonjwa huu huua zaidi ya Wakenya 3,000 kwa mwaka. Lakini hebu tuangalie Migori. Watafiti waligawa vijiji 12: vingine vikaletewa kambi karibu, vingine vikaambiwa viende kliniki. Kote wanawake walijichukulia sampuli wenyewe ili zipimwe virusi vya HPV. Palipokuwa na kambi walipimwa asilimia 60, kwenye kliniki 37. Safi. Sasa ngoja: kati ya waliopatikana na virusi, chini ya nusu ndio walifika kutibiwa, kote kote.

Hapo ndipo nakwama. Kumwambia mtu ana hatari mwilini halafu kumwacha atafute njia mwenyewe, hiyo ni huduma au ni deni? Mimi naona ni deni. Aliyealikwa si sawa na aliyekuja mwenyewe. Wewe ndiye uliyebisha hodi kwenye simu yake. Kama bajeti inatosha kualika watu elfu moja bila kuwafuatilia, au mia nne na nauli ya matibabu, mimi ningealika mia nne, hata kama ripoti itaonekana nyembamba.

Nilimwandikia bosi hivyo. Akajibu kwamba nauli iko kwenye bajeti nyingine. Meseji zikatoka, na nikalipwa.

Shangazi alienda siku ambayo biashara huwa baridi, akaniachia kibanda. Niliuza sukuma ya mia mbili, na wateja wawili wakaondoka wakilalamika kwamba naikata kama ya ng'ombe.